Mwalimu, Kuna Vitu Vinatembea Kwenye Kioo

Mwalimu, hujambo, na habari za Nakuru? Mimi ni msomaji wako wa Kisumu, huku Mamboleo. Sijawahi kuandikia safu yoyote, lakini wiki hii nyumba yangu imekosa amani kwa sababu ya tangi la samaki, na jambo lenyewe naona haya hata kumweleza jirani.

Tangi alilinunua mume wangu mwaka jana, la lita 60, kwa mtu aliyekuwa akihama. Tukatia changarawe tuliyoiosha, samaki wadogo aina ya gapi 12, na pampu ya hewa ambayo usiku hunguruma mpaka mume wangu huizima ili alale. Bosi wa tangi ni binti yetu Atieno, yuko Gredi ya 4. Huwalisha samaki asubuhi na jioni kwa chakula cha pakiti, na juzi nimegundua kwamba huwatilia pia makombo ya ugali, eti wasijione wageni.

Miezi mitatu iliyopita tulienda Dunga Jumapili kula samaki. Atieno akaona gugumaji limechanua maua ya zambarau, akalililia, na baba yake hajui kumnyima kitu. Tukarudi na mashina matatu ndani ya beseni pamoja na maji yake ya ziwa, tukamimina yote tangini. Kusema kweli palipendeza.

Halafu vitu vikaanza. Kwanza vitone vyeupe kwenye kioo, vinaruka-ruka kama chumvi iliyopata uhai. Atieno anaviita boda, kwa vile havijui kufuata laini. Kisha vijimbegu vya kahawia vinavyokimbia juu ya changarawe. Hayo nilivumilia. Jumatatu usiku niliamka kunywa maji, nikawasha taa, nikaona minyoo! Nyeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, mingine inafika sentimita moja, inajipindapinda majini na mingine imejibandika kwenye kioo. Na kwenye mzizi mmoja wa gugumaji kuna kitu kama kijiti chenye vidole; ukikigusa kinajikusanya kikawa kama kichwa cha pini. Watoto wa gapi tuliowahesabu walikuwa 18. Sasa wamebaki wanne.

Mama mkwe yuko hapa kutoka Siaya, naye ameapa kwamba hiyo ni minyoo ya tumbo na kwamba mtoto anayechezea maji hayo ameshaipata. Mume wangu anataka kumimina Jik. Nilipouliza kwenye duka moja la samaki hapa mjini, niliuziwa dawa ya minyoo ya mbuzi, nikaambiwa nusu kijiko. Nimeifungia kwenye droo.

Atieno analia kila tukizungumzia dawa, anasema tutawaua konokono wake. Nilisahau kuwataja hao: ni bapa, rangi ya kahawia, wamejikunja kama kamba iliyozungushwa, walikuja na lile gugumaji na sasa wamezaana. Hao hawana neno, wanasafisha kioo, na yeye huwatoa akawatembeza kiganjani.

Nisaidie nijue vitu hivi ni nini, na kama Jik itafaa. Picha nilizopiga kwa simu zimetoka ukungu mtupu.

Mama Atieno, Kisumu

*

Mama Atieno, sijambo, na Nakuru tuko salama.

Minyoo umeipa nusu ya barua, na konokono umewapa mistari michache mwishoni, tena kwa kuwatetea. Nitaanza na konokono. Katika vyote ulivyovitaja, vile vinavyokunyima usingizi haviwezi kumdhuru Atieno hata vikitaka. Wale anaowatembeza kiganjani wanaweza.

Konokono bapa, aliyejikunja kama kamba, asiye na kifuniko cha kufungia mlango wa gamba lake: hayo ni maelezo ya konokono wanaoitwa Biomphalaria, na hao ndio wanaobeba kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria. Wengi wetu tukisikia kichocho tunafikiria mkojo wa damu. Huo ni wa aina nyingine na una konokono wake, Bulinus, mwenye gamba lililochongoka kidogo. Hiki cha tumbo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mtoto anaweza kwenda nacho miaka akilalamika tumbo tu, au kuhara kunakokuja na kuondoka, au uchovu unaomfanya mwalimu wake amwite mvivu. Ini nalo linaumia polepole. Mizizi ya gugumaji ni nyumba nzuri kwa konokono hao: kuna kivuli, kuna uchafu wa kula, na mmea wenyewe unasafiri kwa upepo kutoka ghuba hii hadi ile. Safari hii ulisafiri kwa beseni.

Mwendo wake uko hivi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai yaliyo ndani ya kinyesi huanguliwa majini, kijidudu kikatoka kwenda kumtafuta konokono. Kikimpata kinaingia mwilini mwake, kinazaana humo kwa wiki kadhaa, kisha konokono anaanza kuachia majini vijidudu vingine vyenye mkia wa panda, hasa mchana jua likiwa kali. Hivyo ndivyo vinavyomtafuta mtu. Havihitaji kumezwa, hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache. Ni vidogo kiasi kwamba usitegemee kuviona. Ndiyo maana maji meupe kabisa ya tangi yanaweza kuwa na hatari, na maji yaliyojaa minyoo inayotisha yakawa hayana neno.

Sasa kaa chini, kwa sababu kuna habari njema mbili.

Ya kwanza, konokono hazaliwi na kichocho. Yai lake halirithi ugonjwa. Ni lazima aambukizwe na kijidudu kilichotoka kwenye kinyesi cha mtu. Kwa hiyo wale waliozaliwa ndani ya tangi lako ni safi, maana nina hakika hakuna anayejisaidia humo. Wa kutiliwa shaka ni wale wakubwa waliotoka ziwani wenyewe. Huenda hata mmoja wao hana kitu. Lakini mzima na mgonjwa huwezi kuwatenga kwa macho, na mimi siwezi pia, kwa hiyo tunawachukulia wote kama wagonjwa. Ya pili, vile vijidudu vyenye mkia vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi visipompata mtu. Ukiondoa konokono, maji yanajisafisha yenyewe kwa kukaa tu.

Mpango ni huu. Kuanzia leo hakuna mkono mtupu unaoingia tangini, wa Atieno wala wa baba yake. Nunua glavu ndefu za mpira zinazofika karibu na kiwiko. Toa gugumaji lote na konokono wote, wakubwa kwa wadogo, uwatie kwenye ndoo na kuwamwagia maji yanayochemka. Usiwaponde kwa vidole. Kisha wazike au watupe chooni. Usiwatupe mtaroni, kwa sababu unajua mitaro ya Kisumu inaishia wapi. Baada ya hapo liache tangi siku tatu bila kuligusa, ila kuwalisha samaki kidogo kutoka juu. Siku ya nne ndipo usafi uanze, na glavu bado mkononi.

Halafu nendeni kituo cha afya, nyote watatu mlioshika lile beseni. Mwambie mhudumu wazi kwamba mtoto amekuwa akishika konokono wa ziwani kwa miezi mitatu, na mnataka kupimwa choo kwa ajili ya kichocho. Miezi mitatu inatosha kwa mayai kuonekana kwenye kipimo. Mngekwenda wiki ile ile ya Dunga, kipimo kisingeona kitu. Katika kituo chochote cha Kisumu hamtakuwa wa kwanza kuuliza, na wataalamu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian wamechunguza ugonjwa huu wa ziwani kwa miaka mingi. Akikutwa nacho, kuna prazikwanteli, dawa inayotibu vizuri, lakini mtoto hupewa kwa kipimo cha mwili wake. Acha mhudumu ahesabu vidonge, usinunue dukani ukakisia.

Najua Atieno atalia. Kagua kioo na mawe: utaona mabonge ya ute mwangavu yenye vitone ndani. Hayo ni mayai ya konokono wake. Kwangu mimi ningeyakwangua yakaenda na wazazi wao. Lakini nina wajukuu, najua machozi yanavyoshinda hoja. Ukitaka, kwangua bonge moja, lioshe, litie kwenye chupa ya kioo yenye maji ya bomba yaliyolala siku mbili, uweke dirishani. Watakaoanguliwa humo hawana ugonjwa. Ila wasimwagwe nje hata siku moja, kwa kuwa wakifika kwenye maji yenye kinyesi watakuwa tayari kuubeba.

Sasa tuje kwenye minyoo, maana naona mama mkwe anasubiri.

Mama mkwe macho yake hayajamdanganya. Kuna mnyoo wa watoto, yule anayewasha sehemu ya haja usiku, ambaye kweli ni mweupe, mwembamba kama uzi, na hufikia karibu sentimita moja. Alichokosea ni mahali. Mnyoo huyo huishi ndani ya utumbo wa mtu. Majini hajengi nyumba. Mchango ule mkubwa nao hufika sentimita 20 na zaidi, ungejaza tangi kwa mmoja. Na safura hukulia kwenye udongo wenye unyevu. Minyoo ya tumbo la binadamu haiji kwenye kioo cha samaki kuogelea saa sita za usiku.

Kinachoogelea humo nadhani ni jamaa wa nyungunyungu, binamu wadogo wa yule wa shambani. Huishi katikati ya changarawe, hula mabaki, hawamgusi samaki wala mtu. Lakini sitaki uniamini hivi hivi, kwa sababu kuna mwingine anayefanana naye, planaria, na huyo shughuli yake ni tofauti. Tenganisha kwa mwendo. Ukimwona anajipinda herufi S, anakwenda kama nyoka aliyechelewa, mwili wa mviringo kama uzi, huyo ni wa nyungunyungu. Ukimwona anateleza juu ya kioo bila kujipinda popote, kama tone la mafuta kwenye sufuria iliyoinamishwa, mwili bapa, kichwa kama ncha ya mshale, basi ni planaria. Kwa karibu utaona ana macho mawili yenye kengeza. Nikiwaonyesha wanafunzi wangu macho hayo walikuwa wanacheka darasa zima, na hakuna aliyewahi kumsahau kwenye mtihani.

Picha zako zinatoka ukungu kwa sababu unapiga kupitia kioo, usiku, kitu kikitembea. Fanya hivi: kwa mrija wa soda, ukiwa na glavu, nyonya mnyoo mmoja kwa kuziba tundu la juu kwa kidole (si kwa mdomo, nakuomba), mdondoshe kwenye kisahani cheupe pamoja na maji kidogo. Weka rula kando yake. Mulika kwa tochi ya pembeni, si ya juu. Kama una kioo cha kukuzia, hata kile cha wazee cha kusomea Biblia, kiweke mbele ya kamera ya simu. Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, ndiye aliyeandika mwaka 1674 kwamba ameona vijinyama ndani ya maji ya ziwa, naye alitumia lenzi ndogo kama tone aliyoitengeneza mwenyewe. Muuza vitambaa wa soko letu la Kibuye hapo Kisumu naye angeweza, angekuwa na subira ile.

Ukikuta ni planaria, usimkate. Ukimkata viwili unapata wawili. Thomas Hunt Morgan, mwanabiolojia wa Marekani, mwaka 1898 alipata kipande kilichokuwa sehemu moja tu kati ya 279 ya mnyoo mzima, kikakua upya. Mtege. Chukua chupa ndogo ya plastiki, toboa tundu dogo la upana wa msumari, tia kipande cha nyama mbichi au ini, ilaze chini tangini jioni taa zikizimwa. Asubuhi mapema itoe na wote waliomo. Rudia usiku tatu au nne. Planaria hula mayai na vifaranga dhaifu, ndiyo sababu hatakiwi. Kwa binadamu hana la kufanya.

Ila swali unalopaswa kuniuliza ni kwa nini hao wa nyungunyungu wametoka changaraweni wakaanza kuogelea. Kwa kawaida hujificha, ungeweza kuishi nao miaka bila kuwaona. Jibu limo ndani ya barua yako, umelitawanya tu. Mtoto analisha mara mbili na kuongeza ugali, kwa hiyo chini kuna karamu. Ugali ukioza unakula hewa ya maji. Gugumaji limefunika uso wote, hewa mpya haiingii vizuri. Na usiku, saa ambayo hata mimea nayo inavuta hewa badala ya kuitoa, mume wako anazima pampu. Maji ya chini yanakosa oksijeni, na minyoo inapanda juu kutafuta pumzi. Jumatatu usiku ulipowasha taa uliikuta katikati ya safari hiyo. Waangalie gapi alfajiri kabla pampu haijawashwa: nadhani utawakuta wote juu, midomo wazi, wanameza uso wa maji.

Boda za Atieno ni kopepodi, wale waitwao saiklopsi. Kila mmoja ana umbo la tone la machozi, urefu wa milimita moja au mbili, na jicho moja jekundu katikati ya paji. Jina lao limetolewa kwa jitu la jicho moja la ngano za Wagiriki. Mama mwenye mayai huyabeba kwenye mifuko miwili, kushoto na kulia, kama punda wa muuza maji na madumu yake. Mwambie Atieno amtafute huyo, ataonekana hata bila kioo cha kukuzia. Hawa wana historia mbaya kidogo: ndio waliokuwa wakimezwa na watu kwenye maji ya kunywa wakiwa wamebeba watoto wa mnyoo wa Guinea, ule unaotokea mguuni urefu wa karibu mita moja. Kinga yake ilikuwa kuchuja maji kwa kitambaa. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2018, kwa hiyo boda zako hazina abiria. Kwa vifaranga wa gapi ni chakula bora kuliko cha pakiti.

Vijimbegu vinavyokimbia ni ostrakodi, wadogo wenye magamba mawili kama kome, ambao ukoo wao umekuwa duniani kwa zaidi ya miaka milioni 400. Hao waache, sina zaidi la kusema juu yao.

Kijiti chenye vidole ni haidra. Ni ndugu wa mbali wa konyeza, wale wanaowachoma waogeleaji kule Pwani, na vidole vyake kweli vina sumu, ila kwa ukubwa wa kopepodi. Ngozi ya mtu haitasikia kitu. Anaweza kumnasa kifaranga aliyezaliwa leo akiwa dhaifu, lakini vifaranga 14? Sidhani. Haidra mmoja hawezi kula ukoo mzima na bado akabaki kama kichwa cha pini.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni mama yao. Gapi hula watoto wake mwenyewe bila haya, na akifuatwa na wajomba ndiyo kabisa. Wa pili ni mgeni ambaye hukumtaja, labda kwa sababu hukumwona: buu la kereng'ende. Kereng'ende hutaga mayai kwenye mimea ya maji, na buu lake hukaa mizizini likijifanya takataka, rangi ya tope, miguu sita, na mdomo wa chini unaochomoka ghafla kama mkono wa mwizi wa simu. Huyo hula kifaranga kimoja baada ya kingine na hakuna anayemshuku. Ukitoa gugumaji, lipige-pige juu ya beseni jeupe lenye maji kabla ya kumwaga maji ya moto, utazame kitakachodondoka. Ukimpata, kesi imeisha. Usipompata, watenge watoto wanne waliobaki kwenye chupa pana mpaka wakue wasitoshe mdomoni.

Jik, hapana. Itaua minyoo, ndiyo, na gapi kabla ya minyoo, na bakteria wa kwenye changarawe ambao kazi yao ni kugeuza mkojo wa samaki usiwe sumu. Kwa jambo lenyewe unaloliogopa haihitajiki hata kidogo: kichocho unakiondoa kwa kuondoa konokono na kusubiri siku tatu. Hiyo Jik iachiwe choo.

Dawa ya mbuzi ni swali gumu zaidi, kwa hiyo sitamlaumu sana aliyekuuzia. Baadhi ya dawa hizo, kama fenbendazo, kweli huua planaria na haidra, na wafugaji wa samaki wazoefu huzitumia. Lakini huzipima kwa miligramu kwa lita, si kwa nusu kijiko cha kukisia, na yeye hakukuuliza ni mnyoo gani. Hapo ndipo alipokosea. Ukiwaua kwa usiku mmoja mamia ya minyoo iliyo ndani ya changarawe, itaoza humo humo, amonia ipande, na asubuhi utakuta gapi wanaelea. Pia ungekuwa umeua kilichokuwa kinakwambia ukweli juu ya ugali. Mpe mama mkwe arudi nayo Siaya kama ana mbuzi.

Siku ya nne, basi: mpira wa maji wa mita moja na nusu, ujaze kwanza maji ya bomba ukiwa umeziba ncha zote mbili kwa vidole vya glavu, ncha moja uizamishe changaraweni, nyingine kwenye ndoo iliyo chini. Usivute kwa mdomo. Toa robo ya maji, lita 15 hivi, ukichokoachokoa changarawe ili uchafu upande nao. Maji hayo mwagia migomba, mbali na mtaro. Yale ya kujazia yalale ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke. Rudia kila wiki. Chakula kiwe mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na Jumapili wafunge. Ugali ubaki mezani kwenu. Ndani ya wiki tatu au nne minyoo itapungua yenyewe kwa njaa. Haitaisha yote, na haihitaji kuisha yote.

Mimea mingine ipo, usirudi Dunga kuitafuta. Na kitu chochote kutoka tangini kisirudishwe ziwani, hata gapi mmoja. Ziwa lile lilipandikizwa mbuta miaka ya 1950, na walichokiona baadaye fulu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wazee wa Dunga watakusimulia.

Limebaki la pampu, ambayo sasa haina ruhusa ya kuzimwa usiku. Kelele yake si ya hewa, ni ya mtetemo: imekaa juu ya mbao ya meza na meza yote inaimba. Kata kipande cha godoro kuukuu, unene wa vidole vitatu, uiweke juu yake mahali palipo juu kuliko maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi ndani ya mashine. Mume wako atalala.